Kiini Kilichogoma Kufunguka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufomati laptopu ya mwalimu wa kwaya.

Alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu pale Maji ya Chai, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, sina chuo, nina simu yenye kioo kilichopasuka na sifa mtaani kwamba yule kijana anajua kompyuta. Laptopu yake ilikataa kuwaka. Ilikuwa inaleta skrini nyeusi na mstari mmoja wa maneno meupe ya Kiingereza. Niliusoma nusu, nikaona aibu kukiri kwamba siuelewi, nikasema, "Diski imekufa, mwalimu." Nikaifomati. Nikapiga mfumo mpya, nikaweka picha ya Mlima Meru kwenye skrini, nikafuta vumbi kwenye vitufe kwa pamba, nikamrudishia ikiwa kama imetoka dukani.

Ndani yake kulikuwa na rekodi za kwaya za miaka mingi, na kwenye rekodi hizo kulikuwa na sauti ya mke wake, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka ule ule.

Hakunigombeza. Aliifungua, akatafuta, akaifunga taratibu. "Haya, mwanangu. Umejitahidi." Afadhali angenipiga.

Na diski haikuwa imekufa. Nilikuja kulijua hilo baadaye sana, nikiwa tayari nimeanza kujifundisha mambo haya kwa kusoma kwenye simu. Ule mstari mweupe ulikuwa unasema tu kwamba programu ya kuwashia, ile inayoamka kwanza kabla ya kitu kingine chochote, imeshindwa kukipata kiini cha mfumo. Kiini ndicho moyo wa kompyuta: programu inayoendesha programu nyingine zote. Rekodi zilikuwa pale pale, nzima, mpaka nilipozifuta mimi. Nilikwenda kumwambia mwalimu. Alinisikiliza, akasema nisiendelee kujitesa, akanikaribisha loshoro la mahindi na maziwa mgando. Nililila kama mtu anayekula adhabu.

Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo hakuna mtu atakayeelewa kwa nini, miaka kadhaa baadaye, niligombana na ofisi nzima juu ya kompyuta moja isiyoonekana.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuhakikisha kama nimeufunga. Nikiandika barua pepe ya mistari miwili naisoma mpaka maneno yanapoteza maana. Sipendi vitu vya zamani kukaa ovyo, sipendi faili zisizo na kazi, sipendi karatasi kurundikana. Watu husema huo ni usafi. Mimi najua ni woga tu uliovaa nguo za usafi.

Halafu kuna meno. Maji ya kwetu yana madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya mlima. Ukiyanywa utotoni, meno yako yanaota yakiwa na rangi ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoiondoa. Nyumbani hilo halikuwa jambo, maana tulikuwa wote hivyo. Nilipokwenda sekondari mjini ndipo nikaulizwa kama napigia mswaki chai ya rangi. "Mfungulieni dirisha," walikuwa wakisema nikianza kucheka, "mwanga umepungua." Nikajifunza kucheka nikiwa nimefunga mdomo, na baadaye nikajifunza kutocheka.

Kwa hiyo nilipopata kibarua kwenye ofisi ndogo ya mradi wa maji, mtaa wa Engutoto mjini, sikukipenda kwa sababu ya kompyuta peke yake. Mradi ulikuwa unapima maji ya chemchemi za upande wa Meru ili vijiji vijue vivute mabomba kutoka wapi. Cheti sikuwa nacho, na nilikumbushwa hilo mara nyingi. "Huyu ni wa kujifundisha mwenyewe," walikuwa wakinitambulisha kwa wageni, kwa sauti ile ile ya kusema huyu mtoto ni wa kuokota. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nasema: ndiyo, nimejifundisha mwenyewe, na kila ninachokijua nimekilipia kwa kukikosea kwanza. Wewe je?

Ofisi ilikuwa na seva moja kuukuu iliyotolewa msaada, kubwa, yenye feni zinazolia kama mashine ya kusaga. Tuliiweka kwenye stoo, katikati ya vipande vya mabomba na kreti za chupa za sampuli. Ndani ya chuma hicho kimoja zilikuwa zinaendeshwa kompyuta kadhaa zisizo na umbo, mashine pepe, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Chuma chenyewe na mfumo wake tulikiita mwenyeji. Zile mashine pepe zilikuwa wageni. Mgeni mmoja ndiye aliyebeba vipimo vyote vya maji.

Vipimo hivyo havikuja kwa urahisi. Kwenye kijiji kimoja cha mteremko wa Meru kulikuwa na mama mmoja wa kamati ya maji aliyekuwa akishuka na chupa kutoka chemchemi mbili, ya karibu na ya juu, kila chupa imebandikwa plasta yenye jina la chemchemi. Alizileta mwenyewe mpaka ofisini, kiangazi na masika. Tulipima, nikaingiza namba kwenye mashine, kisha karatasi za vipimo nikazichana na kuzitupa. Nilikuwa nazichana kwa raha. Meza ilibaki nyeupe.

Kijiji kilikuwa kinakaribia kuamua. Chemchemi ya karibu ilikuwa na maji mengi na haikuwa mbali na makazi. Ya juu ilikuwa mbali, kwenye miamba, na mtaro wa bomba ungechimbwa na wananchi wenyewe kwa msaragambo, kila kaya na sehemu yake. Wengi walitaka ya karibu, na nani angewalaumu? Lakini kiangazi kilipokolea, floraidi kwenye chemchemi ya karibu ilipanda vibaya. Wakati wa masika, mvua ikiichanganya, ilionekana safi kabisa. Siri ya maji yale ilikuwa kwenye kiangazi, na kiangazi chote kilikuwa ndani ya mgeni mmoja kwenye stoo yetu.

Siku moja kabla ya mkutano wa kijiji, asubuhi, niliona mgeni huyo anadai masasisho ya usalama. Kale kaujumbe kalikuwa kananikera tangu wiki iliyopita. Nikasasisha. Masasisho yakaleta kiini kipya. Kwa kawaida mfumo huacha kiini cha zamani pembeni, ili kipya kikigoma uweze kurudi nyuma. Mimi nilikifuta kile cha zamani kwa mkono wangu, kabla hata sijakijaribu kipya, kwa sababu kilikuwa kinajaza nafasi na kuharibu mpangilio. Mfumo uliniuliza kama nina uhakika. Nilijibu ndiyo.

Nikamwasha upya mgeni. Hakurudi.

Nilikaa mbele ya skrini. Kulikuwa na mstari mweupe. Nakiri kwamba kitu cha kwanza kilichokuja mdomoni mwangu, chenyewe, bila kuitwa, kilikuwa: diski imekufa.

Nilimpigia mhandisi wa mfumo, kaka mmoja mwenye digrii aliyeifunga seva ile na aliyekuwa na wateja kila kona ya mji. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na neno la siri la mwenyeji. Mimi niliruhusiwa kwa wageni tu.

"Dogo, sema."

"Kaka, mgeni wa vipimo hawaki. Nimemsasisha, amegoma."

"Ulimgusa wa nini?"

"Alikuwa anadai masasisho."

"Mashine zinadai kila siku. Mwanangu naye anadai pipi, simpi. Inaandika nini?"

"Inasema aina ya mbano haijulikani."

"Piga upya. Nakala unayo?"

"Ya masika."

"Safi. Futa, piga mfumo mpya, rudisha nakala, kesho mnakwenda mkutanoni. Hiyo kazi ya kabla ya chai."

"Kaka, ya masika haina kiangazi."

"Si namba hizo hizo, maji hayo hayo? Dogo, nina mteja hapa ananitazama kama mwizi. Piga upya." Akakata.

Kufuta na kupiga upya. Ukitaka kuujua mji wetu, peleka kompyuta kwa fundi yeyote mwambie haiwaki. Kabla hujakaa kwenye kiti ameshashika flashi yake. Haulizi imeandika nini. Sikuwadharau mafundi hao wakati ule na siwadharau sasa, maana mteja anataka mashine inayowaka na kufuta ndiyo njia fupi. Lakini mimi nilishawahi kupita njia ile fupi. Najua inapoishia. Inaishia kwa mzee anayefunga laptopu taratibu na kukuambia umejitahidi.

Mkuu wa ofisi alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na subira na maneno ya kitaalamu. Alisimama mlangoni mwa stoo na miwani imepanda kichwani.

"Baba, niambie kwa Kiswahili cha watu. Vipimo vipo au havipo?"

"Vipo, Mama."

"Umeviona?"

"Hapana."

"Sasa unajuaje?"

"Kwa sababu safari hii nimeusoma mstari mpaka mwisho."

Alinitazama. "Mhandisi anasema ufute."

"Sifuti."

Sikuwahi kumjibu hivyo mtu wa umri wa mama yangu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka na sikulirudisha.

"Nakala ya masika inaonyesha chemchemi ya karibu ni salama," nikaendelea. "Tukienda nayo kesho, watachagua ya karibu. Na tutakuwa sisi ndio tuliowaambia. Mimi ndiye niliyefuta kiini cha zamani, Mama. Mimi ndiye niliyechana karatasi. Nifukuze keshokutwa. Leo naomba mhandisi aje na neno la siri."

Alishusha miwani, akaivaa, kama vile kosa langu lingeonekana vizuri zaidi hivyo. "Keshokutwa ni mbali," alisema. "Ngoja nimpigie."

Wakati tunamsubiri nilifanya kile ninachokiweza kuliko vyote, yaani kuogopa na kusoma kwa pamoja. Na hapo ndipo nilipoelewa.

Kiini cha mfumo hakikai wazi kwenye diski. Kinabanwa ili kichukue nafasi ndogo, kama nguo za mitumba zinavyobanwa kwenye belo mpaka koti zito linakuwa jembamba kama gazeti. Kwenye kompyuta ya kawaida hilo halina shida, maana kiini hubeba kisu chake mwenyewe: programu ya kuwashia inakiita, kinajikata kamba, kinajifungua, kazi inaanza. Lakini mfumo wetu wa wageni ulikuwa wa zamani na ulikuwa na desturi yake. Mwenyeji alikuwa anaingiza mkono kwenye diski ya mgeni, anakitoa kiini, na kukifungua yeye mwenyewe. Na mwenyeji wetu alikuwa anazijua namna za zamani za kubana, basi. Kiini kipya kilikuwa kimebanwa kwa namna mpya, iliyotengenezwa baada yake. Alikigeuza huku na huku, akaona kamba asizozijua, akakirudisha na kuandika mstari mweupe.

Hapakuwa na kitu kilichokufa. Hata mgeni hakuwa mgonjwa. Kilichokuwepo ni mwenyeji asiyejua kufungua mzigo, na watu wawili wenye akili zao, mhandisi na mkuu wa ofisi, waliokuwa tayari kuuchoma mzigo kwa sababu hiyo. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, lakini ilikuwa hasira safi, ya kwanza kwa miaka mingi ambayo haikuwa juu yangu mwenyewe, na ilinituliza.

Mhandisi alifika na pikipiki yake, helmeti bado iko kichwani.

"Haya, Profesa," alisema. "Nimeambiwa umegoma."

"Nimegoma, kaka."

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi si mzee, nakutania. Nionyeshe."

Nilimwonyesha mstari, nikamweleza kuhusu mwenyeji na mbano. Alisoma kimya. Alivua helmeti, na nikaona ameanza kuona kitu.

"Kwa hiyo unataka tukifungue wenyewe, nje, halafu tumrudishie kikiwa wazi."

"Ndiyo. Kikiwa wazi hana cha kufungua. Anakibeba tu."

"Na ukiharibu?"

"Nimeharibu mimi. Andika hivyo popote unapotaka."

"Sina pa kuandika, dogo. Sogea." Akaingiza neno la siri, akinikinga kwa bega kama mtu anayetoa hela kwenye mashine ya benki.

Nilikuwa na haraka. Nilianza kuifungua diski ya mgeni kutoka kwa mwenyeji, na mkono wake ukadaka wangu.

"Wee! Huyu mgeni bado yupo. Ona, hajazimika, amening'inia tu. Ukiifungua diski wakati yeye bado ameishika, mtaiandika wawili, na hapo ndipo utakapolia. Mzime kwanza. Mzime kabisa."

Alikuwa sahihi. Ningeiharibu diski nzima, mimi, mtetezi wake. Nilimzima mgeni kabisa. Ndipo tukaifungua diski, na pale, kwenye folda ya vipimo, nikaona faili zote, zimekaa kimya zikinisubiri. Nikazinakili kwenye flashi kabla sijapumua.

"Umepata vyako," alisema mhandisi. "Sasa je, tufute?"

"Hizi ni faili za hifadhidata, kaka. Programu ya kuzisoma na kuchora ile michoro iko humo humo. Tukipiga upya, tutamaliza kuipanga kesho mchana. Mkutano ni asubuhi."

"Hiyo ni sababu ya kumwambia mkuu. Ya kweli je?"

"Nataka iwake."

Alicheka. "Hapo nimekuelewa."

Kwa mwenyeji hakukuwa na kifaa cha kuufungua mbano mpya. Angekuwa nacho, tusingekuwa pale. Nikakihamishia kiini kwenye laptopu yangu, nikatafuta mahali mzigo unapoanzia baada ya kile kisu chake, nikaukata kutoka hapo, nikaufungua. Kikatoka kiini kilicho wazi, kimevimba mara kadhaa. Nikakirudisha kwenye diski ya mgeni. Ikakataa: hakuna nafasi. Sehemu inayowekwa vitu vya kuwashia ilikuwa ndogo, na belo likishafunguliwa halirudi kwenye gunia lake.

"Futa kile kilichobanwa," alisema mhandisi. "Hakina kazi tena."

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Mimi, ambaye asubuhi ile ile nilifuta bila kufikiri, nilishindwa. Nikakinakili kwanza kile kilichobanwa kwenye flashi, nikahakikisha kimefika, nikakifungua kutoka kwenye flashi kuona kama ni kizima. Ndipo nikakifuta kwenye diski. Mhandisi alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama kuku akivuka barabara.

Tukamwasha mgeni. Mstari mweupe ukarudi.

Nilisikia mkuu wa ofisi akivuta pumzi nyuma yangu, sikuwa nimejua kama yupo. Nikausoma mstari mpaka mwisho, kwa sauti. Haukuwa ule ule. Huu ulisema hakuna kiini chenye jina lile. Nilikuwa nimekipa kiini kilichofunguliwa jina jipya, jina zuri, lenye mpangilio, na menyu ya kuwashia ilikuwa bado inalitafuta jina la zamani.

"Usafi wako huo," alisema mhandisi.

Nikakirudishia jina lake baya. Tukawasha. Skrini ikakaa nyeusi kidogo, kisha mistari ikaanza kuporomoka, mingi, ya haraka, mpaka ikasimama ikiomba neno la kuingilia. Mkuu wa ofisi aliuliza kama hiyo mistari mingi ni mbaya. Nilimwambia hapana, Mama, mbaya ni ule unaokuja mmoja peke yake.

Kiangazi chote kilikuwemo. Tukachapa michoro.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi ya kijijini, wanaume kwa wanawake wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mrefu wa sauti ndogo, alimpa nafasi mkuu wa ofisi, naye akanisukuma mimi mbele. Nilisalimia. Nikaeleza michoro, nikitazama sakafu. Nikasema chemchemi ya karibu inafaa masika na inaumiza kiangazi, na binadamu hanywi maji masika peke yake.

Baba mmoja mwenye kofia ya pama alisimama nyuma.

"Kijana, wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo, baba."

"Ya juu ni miamba mitupu. Kwenye msaragambo tutachimba sisi. Kompyuta ina jembe?"

Darasa zima likacheka. Mtu akaongeza kitu kwa Kimeru na kicheko kikapanda tena.

"Haina, baba."

"Tumesikia pia jana imezimika, hiyo kompyuta. Leo inatuambia maji yetu ni sumu. Tutaiaminije?"

Habari inapanda mlima haraka kuliko gari. Ningeweza kusema ilikuwa hitilafu ndogo. Nilisema, "Ni kweli ilizimika, na niliyeizima ni mimi. Nilifuta kitu ambacho sikupaswa kukifuta. Nakala iliyokuwa imebaki ilikuwa inasema maji ya karibu ni mazuri. Ingekuwa rahisi kuja nayo. Nyote mngefurahi."

"Sasa hukuja nayo kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Yaani niliufungua makusudi, wote, kama kwa daktari wa meno, nikageuka taratibu ili na waliokaa dirishani waone.

"Mimi ni wa Maji ya Chai," nikasema.

"Hata mimi ninayo hayo," alisema wa pama, akaonyesha yake, na watu wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. "Yamekuzuia kula nyama?"

"Hayajanizuia, baba. Yamenizuia kucheka. Na haya ni meno tu. Mnawajua watoto wenu ambao floraidi imeingia mpaka kwenye mifupa ya miguu. Mimi sihitaji kuwataja."

Kisha mama wa chupa, yule wa kamati, akainuka kwenye dawati lake. Alikuwa amevaa shuka juu ya gauni na hakuinua sauti.

"Chupa hizo nimezibeba mimi," alisema. "Kiangazi kizima, mkiniona mnaniuliza nauza nini. Kama namba ni za uongo, basi maji niliyaokota wapi? Semeni hapa mbele yangu kwamba nimedanganya."

Nami nilisimama pale na karatasi zangu, nikijua jinsi nilivyokaribia kumfanya mama yule mwongo. Ningeichukua nakala ya masika, na miguu yake yote ile ya kiangazi ingekuwa haijawahi kwenda popote.

Walibishana muda mrefu, sehemu kubwa kwa Kimeru, na sikuyafuata yote. Mwenyekiti alipoomba mikono iinuliwe, mikono ya chemchemi ya juu ilikuwa mingi. Wa pama aliinua wake mwishoni, kwa shingo upande.

"Lakini huyu wa kompyuta," alisema, "aje na jembe."

Nilikwenda. Walinipa kipande chenye mwamba, kwa makusudi, na wakasimama kunitazama. Sululu iliruka mkononi. "Sasisha, kijana, sasisha!" walikuwa wakinipigia kelele, na sijui nani aliwafundisha neno hilo, ingawa namshuku kaka mmoja mwenye pikipiki. Viganja vilipasuka. Sikuacha. Nilikuwa nimeshachoka kuwa mtu anayeacha kitu kwa sababu kinamwonyesha vibaya mbele za watu.

Sikufukuzwa keshokutwa yake, wala baadaye. Bado nina wasiwasi na bado narudi kuhakikisha mlango. Cheti bado sina, na anayetaka kunitambulisha kama mtoto wa kuokota anitambulishe, ila siitikii tena kwa kichwa.

Kilichobadilika ni hiki. Kiini kipya kikiingia kwenye mgeni yeyote, programu fupi niliyoiandika inakifungua hapo hapo na kumwachia mwenyeji kikiwa wazi, na cha zamani sikigusi mpaka kipya kiwake mbele ya macho yangu. Nakala inachukuliwa kila vipimo vipya vikiingia. Karatasi za vipimo zimekaa kwenye boksi chini ya meza yangu, ovyo, na siziondoi. Neno la siri la mwenyeji ninalo. Bomba la chemchemi ya juu limefika shuleni, na watoto wanakunywa hapo.